Nilivyopima Kumbukumbu za Mwalimu Simioni

Jina la Mama Betri nililibandika mimi, na mji mzima wa Tarime ukalidaka. Kila baada ya miezi miwili mwanamke mmoja alikuwa akishuka kutoka Nyangoto na kikapu chake, anapita maduka yote ya stendi bila kugeuza shingo, anakuja kusimama mbele ya kibanda changu na kuagiza betri nne ndogo, zile za rimoti. Televisheni hana. Redio yake inakula betri nene. Nikamwambia mke wangu Samira, huyu dada betri za rimoti anazipeleka wapi, anaungia mboga? Tukacheka mpaka machozi. Aliporudi nikamwita Mama Betri mbele ya wateja, na wateja nao wakacheka. Yeye alitabasamu kidogo, akalipa, akaondoka. Sikujua kwamba hakuwahi kuzaa. Mimi mdomo wangu hutangulia, akili inafuata nyuma inachechemea.

Naitwa Muzamil. Babu yangu alitoka Pangani na mzigo wa kanga, akafika Tarime, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Wakurya wananicheka kwa Kikurya changu, na ndugu zangu wa pwani wakija msibani wananicheka kwa Kiswahili changu, kwa hiyo kuchekwa nimekuzoea. Nisichokizoea ni kuambiwa sijui kazi. Nilisoma ufundi wa redio na kompyuta Mwanza kwa miezi tisa, nikarudi na cheti, nikafungua kibanda, na juu ya mlango nikaandika kwa rangi nyekundu: PIMA KWANZA. Ukiniletea simu haichaji, sigusi tundu la chaji mpaka nimepima kila kitu kilichomo. Wateja walikuwa wananung'unika kwamba nawapotezea muda. Nikawa nawajibu kwa ukali kwamba daktari hatoi dawa kwa kumtazama mtu usoni, na asiyetaka kupimiwa aende kwa mafundi wa chini ya mwavuli.

Mama Betri jina lake ni Mokami, mtoto wa kwanza wa Mwalimu Simioni wa Nyamwaga. Aliolewa Ikoma akiwa msichana, na mwanamume aliyekuwa akifanya kazi kwenye hoteli za watalii karibu na geti la hifadhi. Alikaa huko miaka saba. Mtoto hakupatikana, na mume akamrudisha kwao kama mtu anayerudisha debe aliloazima. Mwalimu Simioni hakugombana na mtu. Ng'ombe kumi na wanne wa mahari aliwarudisha wote, hakubakiza hata ndama. Tatizo ni kwamba ng'ombe hao Nelson, mdogo wake Mokami, alikuwa anawategemea ili naye aoe. Akachelewa miaka minne, na msichana aliyekuwa akimtaka akachukuliwa na mwingine. Nelson si mtu mbaya. Ila jambo hilo halikumtoka rohoni, na mimi simlaumu.

Mwalimu akampa Mokami shamba lake la Nyangoto. Alimpa kwa mdomo, na kwa desturi za huku binti hagawiwi ardhi, kwa hiyo ndugu zake walichukulia kwamba amepewa mahali pa kulima tu, mpaka hapo watakapopahitaji wenyewe. Mokami akapanda migomba, mahindi na mihogo, akajenga vyumba viwili vya bati. Mgodi mkubwa uko jirani, na wachimbaji wadogo wanachokonoa vilima vya pembeni usiku na mchana. Yeye akawa analima katikati ya kelele hizo, na aliniambia kwamba hakuna mahali pengine duniani alipowahi kulala bila kusikiliza nani anamsema.

Sasa hiyo mashine. Mwalimu mmoja wa kigeni, wa hesabu, alipomaliza muda wake mwaka 1991 alimwachia Mwalimu Simioni kompyuta yake ya nyumbani. Kitu bapa, ukubwa wa Biblia ya kanisani, kibodi chini, na juu yake kijiskrini cha mistari minane. Haina diski wala haina kitu cha kuchomeka pembeni. Unachoandika kinakaa kwenye kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo inaishi kwa betri nne ndogo. Betri zikifa, inasahau yote. Mwalimu alipostaafu mikono ilianza kumtetemeka, mwandiko wake ukawa hausomeki hata na yeye mwenyewe, aibu kubwa kwa mtu aliyewachapa watoto wa watu kwa sababu ya mwandiko. Ndipo akaikumbuka mashine. Alikuwa anakaa nayo barazani, anadonoa herufi moja moja kwa vidole viwili kama kuku anayekula mtama. Mokami akiuliza anaandika nini, anaambiwa ni kumbukumbu zake, na kwamba zitasomwa siku yeye akiwa hayupo, watoto wake wakiwa wameketi wote. Akamwagiza jambo moja: "Betri zisife humu, mwanangu. Zikifa, nimeandika bure."

Mwalimu alifariki mwaka 2006. Siku ya kumaliza matanga waliketi wote, kama alivyotaka, wakaifungua mashine, na skrini ikawa nyeusi tii. Unyevu ulikuwa umeshaingia. Nelson alisema limekufa pamoja na mwenyewe, litupeni. Mokami akaliokota, akalifunga kwenye kitenge, akaondoka nalo Nyangoto. Fundi mmoja Musoma alimwambia atafute jiwe la kulipondea. Hakulipondea. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa anabadilisha betri za mashine isiyoonyesha kitu, akisali Baba Yetu kabla ya kufungua kifuniko, akiweka mpya upesi upesi kabla ya kuvuta pumzi. Hakujua kama anachokilisha bado ki hai. Aliendelea kukilisha.

Haya yote aliniambia mwaka 2019, siku ya Alhamisi, kama saa nane mchana. Nilimwamkia shikamoo dada, akaitikia, lakini hakuagiza betri. Akafungua kitenge juu ya meza yangu. Akanieleza kwamba ndugu zake wameamua kuuza shamba la Nyangoto, mnunuzi ameshapatikana, na Jumamosi ya wiki inayofuata ukoo unakaa kwa Nelson kumaliza maneno. Yeye alikuwa amewaambia wazee kwamba kauli ya baba yake imo humu ndani. Wazee wakajibu kwamba kama imo, waione, na neno la marehemu likionekana hakuna wa kulivuka. Basi alichotaka kwangu ni skrini iwake. "Skrini tu, fundi," alisema. "Mengine yote yaache yalivyo."

Mimi nilikuwa nimeshikwa na aibu. Nilikuwa nawaza lile jina la Mama Betri, nawaza mboga. Na aibu ikinishika mimi huwa naificha kwa kujitia ujuaji, nikawa naongea sana, natoa historia ya kompyuta zote za dunia, huku nafungua skrubu. Nikakuta betri safi, hazina hata chembe ya kutu. Ubovu ulikuwa kwenye waya bapa unaopeleka umeme kwenye skrini: mdomo wake umeota kutu ya kijani na kuachia. Kazi ya nusu saa. Nikausugua kwa spiriti. Mokami akatoka kuniletea soda, maana alisema nimeongea mpaka nimekauka.

Alipokuwa nje ndipo nilipoukandamiza waya kwa vidole gumba viwili, skrini ikaamka. Sikutarajia. Miaka kumi na mitatu, na mashine ikaendelea pale pale ilipoachwa, na andiko la Mwalimu mbele yangu, lenye kichwa kimoja tu: MOKAMI. Nikasoma. Nisingeweza kutosoma. Liliandikwa hivi, kwa herufi kubwa zote: "MIMI SIMIONI, AKILI ZANGU ZIKIWA TIMAMU. SHAMBA LA NYANGOTO NI LA MOKAMI. ABAKI HAPO, ASIHAMISHWE NA MTU. NELSON MWANANGU, NAKUOMBA UNISAMEHE KWA WALE NG'OMBE." Chini yake kulikuwa na mengine mengi, lakini kidole kiliteleza na skrini ikazimika.

Aliporudi na soda nikamwambia neno moja: zimo. Sikumwambia nilichosoma. Nilijifanya muungwana, nikajiambia si langu la kusema kabla ya ndugu zake kuketi. Mokami aliweka chupa chini, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akalia bila sauti, machozi yanashuka tu na yeye hayafuti. Halafu akasema nichomelee huo waya, inatosha, atanisubiri.

Ningechomelea. Wallahi ningeyeyusha risasi ya kuungia waya na kuchomelea pale pale, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Lakini ndani ya kile kitenge kulikuwa pia na kitabu cha maelekezo cha ile mashine, Mwalimu alikitunza, na nilikuwa nimeshaona ndani yake ukurasa wa vipimo. Ukiwasha mashine huku umeshika vitufe viwili vya pembeni, inajipima yenyewe. Namba moja skrini, namba mbili vitufe, namba tatu sauti, namba nne kumbukumbu. Nilitaka Mokami aone kwamba hakumletea mashine fundi wa chini ya mwavuli. Nikamwambia hapa kwetu tunapima kwanza. Akasema kwa upole kwamba anaogopa. Nikamwambia kuogopa ni kwa sababu hujui, mimi ninajua.

Kipimo cha kumbukumbu kinafanya kazi hivi. Mashine inachukua herufi moja, inaiandika kwenye kila chumba cha kumbukumbu yake, halafu inarudi kukagua chumba kwa chumba kama herufi bado ipo. Ikiikuta, chumba ni kizima. Lakini kabla ya kuanza inakuuliza, kwa Kiingereza, kama inahifadhi yaliyomo. Ukikubali, inayasogeza pembeni, inapima, inayarudisha. Ukikataa, inafagia yote, kinabaki kichwa cha andiko na hiyo herufi tu. Hilo nililijua. Nililisoma kitabuni kwa Kiingereza changu cha kubabaisha na nikalielewa vizuri kabisa, na ndiyo maana siwezi kujitetea.

Waya ulikuwa bado haujachomelewa, kwa hiyo vidole vyangu gumba vyote viwili vilikuwa vimeukandamiza kwa nyuma. Nilisimama upande wa pili wa meza, naiona skrini kichwa chini miguu juu, na mwanga wa mlangoni unaipiga. Mokami akakaa upande wa vitufe. Namba moja, sawa. Namba mbili, sawa. Namba tatu ikapiga kengele, akashtuka, tukacheka wote wawili. Akabonyeza nne. Nikaona swali limetokea, mistari miwili. Nikamwambia: "Inakuuliza kama ihifadhi. Bonyeza ndiyo."

Kwenye kibodi hakuna ndiyo. Kuna Y, ambayo kwa Kiingereza ndiyo ndiyo, na kuna N, ambayo ni hapana. Sasa mtu aliyesoma mpaka darasa la saba, akafundishwa kusoma na baba yake mwenyewe, kwamba neno linaanzia kwenye herufi yake ya kwanza, ataitafuta ndiyo wapi? Aliitafuta N. Nilimwona akiinama, kidole cha shahada kikitembea juu ya vitufe taratibu, kama cha mtu anayegusa jicho la mtoto. Kilipoifikia na kuibonyeza, mimi nilikuwa natazama waya.

Nilipoinua macho, U zilikuwa zimeshaanza kutembea. U, U, U, mstari wa kwanza ukajaa, wa pili, wa tatu, mpaka skrini nzima. Nikaondoa vidole, Mokami akiwa bado ameinamia vitufe, skrini ikazimika, lakini ndani kipimo hakikuzimika, na baada ya dakika moja ikalia kengele ya kumaliza. Nikakandamiza tena. Ilikuwa imeandika kwamba vyumba vyote vya kumbukumbu ni vizima. Mashine nzima kabisa, kama iliyotoka kiwandani jana.

Mokami aliniuliza kama imekubali. Nikasema imekubali. Akaniachia mashine nimalizie kuchomelea, akaenda zake kupanda gari la Nyangoto, na mlangoni aligeuka akanishukuru.

Nilimwambia Samira mara nilipofika nyumbani. Samira aliweka kijiko chini, akasema niende nikamwambie leo leo, na kwa wazee pia nikaseme nilichokisoma kwa macho yangu. Nikamfokea. Nikamwambia wewe huelewi, mwanamke amelinda kitu miaka kumi na mitatu, halafu nimwambie kwamba kidole chake mwenyewe ndicho kilichokifuta? Si nitakuwa namuua? Samira alinitazama, akasema kwamba anayeogopa kufa hapa anamjua. Alikuwa sahihi. Nilijisingizia huruma. Kilichonitia hofu ni rangi nyekundu ya juu ya mlango wangu, na ndugu watatu wa Kikurya wenye hasira, na mji unaodaka majina upesi. Ningeitwa nani mimi? Wiki nzima nilihangaika na mashine ile, nikajaribu kila ujanja niliofundishwa na ambao sikufundishwa. Ndani ya andiko la MOKAMI hakukuwa na kitu ila U, ukurasa baada ya ukurasa.

Jumamosi nikaenda nayo Nyamwaga. Sebule ya Nelson ilikuwa imejaa: Nelson, wadogo zake wawili, wazee watatu wa ukoo, na Mokami kwenye mkeka karibu na mlango, amevaa gauni la kanisani. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikapewa kiti na chai ya maziwa. Nikawasha mashine, skrini ikawaka safi kama kioo, na watu wakasogea. Nikafungua andiko. Nikashusha ukurasa, nikashusha mwingine, nikashusha mwingine. Kote U, U, U.

Mzee mmoja akaniuliza kama mashine imeharibika au ndivyo marehemu alivyoandika. Ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa na lile neno ulimini, naliona na nukta zake. Nikasema: "Ndivyo ilivyo ndani, mzee. Labda kidole chake kilikaa kwenye herufi hiyo."

Mokami akasimama. Alisema anajua, baba alikuwa anaanza kuandika Usiuze, na mkono ukamzidi nguvu. Aliligeukia dirisha na kulisema tena, Usiuze, kama anamsaidia mzee kumalizia. Nelson hakumcheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hata Uza inaanza na U. Halafu akafuta macho, akasema baba mikono ilikuwa inatetemeka, wote waliiona, tusimsumbue tena. Wazee wakanong'onezana kwa Kikurya, haraka kuliko ninavyoweza kufuata, na mwisho wakasema kwamba Mwalimu hakuacha kauli. Shamba liende kwa desturi. Mokami hakubisha. Alinikaribia, akaifunga mashine kwenye kitenge, na aliponiinamia aliniambia pole kwa usumbufu.

Shamba likauzwa kabla ya mwezi kuisha. Nelson alimpa dada yake chumba kwake, naye akakikataa, akaja kupanga hapa mjini nyuma ya soko. Anauza ndizi, anazinunua kwa wengine. Na betri aliendelea kununua. Nilidhani ataacha, maana anazilisha nini sasa? Siku moja nikajikaza nikamuuliza. Akasema kwamba kidole cha baba yake kimo humo, kilikaa kwenye ile herufi mpaka kikachoka, na yeye hawezi kukizima. Nikamwambia achukue betri bure. Akakataa, akaniwekea hela mezani. Miaka sita hiyo. Kila baada ya miezi miwili mimi namtolea betri nne za kulisha herufi za kipimo changu, na mji mzima bado unamwita Mama Betri, nami siwezi kuwaambia waache.

Mwaka huu mwezi wa tano, Lilian, binti wa Nelson, alimpelekea shangazi yake simu ya kugusa ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuitumia. Walikuwa wanafuta picha za zamani, simu ikauliza kwa Kiingereza, na Mokami akamwambia binti abonyeze N, ndiyo. Lilian akacheka, akasema, "Shangazi, N ni hapana." Akamcheka sana, kwa mapenzi tu, kama watoto wanavyotucheka. Hilo nilikuja kulisikia baadaye. Nilichokiona mimi ni Mokami amesimama mbele ya kibanda asubuhi iliyofuata, saa mbili, na kitenge mkononi. Nikamwamkia. Hakuitikia.

"Siku ile nilibonyeza N," alisema.

"Najua, dada."

"Ulijua lini?"

"Hapo hapo."

Aliweka mashine mezani. Akauliza kama kabla ya hapo kulikuwa na kitu. Nikamwambia kulikuwa na kitu, na nikamsomea, kwa sababu sikuwahi kulisahau hata neno moja: Mimi Simioni, akili zangu zikiwa timamu. Shamba la Nyangoto ni la Mokami. Abaki hapo, asihamishwe na mtu. Akaniambia nirudie. Nikarudia, na nikaongeza la Nelson na ng'ombe, ambalo mara ya kwanza nililiruka. Nikamwambia kosa si la kidole chake. Hukuniomba nipime, nilisema, nilipima kwa kiburi changu, na nilijua nikanyamaza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Nilitamani alie, au anipige, au aite watu. Alisema: "Mimi nilikosea mara moja, tena kwa kutojua. Wewe ulikunywa chai ya Nelson ukawaacha waseme baba yangu hakuacha kauli."

Halafu akaigeuza mashine, akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri moja moja, akazipanga mezani zote nne. Mara hii hakusali wala hakufanya haraka. Aliniambia ni mpya, alizinunua kwangu wiki iliyopita, nimuuzie mtu mwenye rimoti. Akaifunga mashine tupu kwenye kitenge chake, akaondoka nayo kuelekea sokoni.

Nilifunga kibanda siku hiyo hiyo nikaenda Nyamwaga. Nilimkuta Nelson anakata majani ya ng'ombe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana sikuweza kukaa kwenye kiti chake tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa panga alilolishika. Nelson aliliweka chini. Akaniuliza yale maneno ya ng'ombe, yalikuwaje hasa. Nikamwambia: nakuomba unisamehe kwa wale ng'ombe. Akakaa juu ya lile rundo la majani, mwanamume mwenye mvi, akafunika uso kwa mikono yake miwili. Baadaye sana, akiniita kijana kwa Kikurya, akasema, "Ningemwachia, mura. Kama baba alisema, ningemwachia." Pale penye migomba ya Mokami sasa ni shimo, wachimbaji wanashuka kwa kamba.

Nimemwendea Mokami mara tatu tangu siku hiyo. Ananiuzia ndizi kama anavyomuuzia mtu yeyote, ananirudishia chenji, haniangalii. Betri zake nne ziko kwenye droo ya meza yangu, nimezifunga kwenye karatasi. Rimoti ya nyumbani kwetu ilikufa mwezi ule ule. Samira ananitazama, anainuka kwenda kubadilisha chaneli kwa mkono.